Bunduki za kuazima: Bibi Msahihishaji anajibu barua zenu

Toleo lililopita niliwaomba wenye miswada ya riwaya za wakati wa Mwingereza mniletee maswali, na barua zimekuja kwa fungu. Nimechagua zilizoniudhi na zilizonifurahisha. Za katikati wenyewe mtanisamehe. Kwa wageni wa safu hii: ni mzaliwa wa Gerezani, nimesahihisha vitabu vya watu kwa kalamu nyekundu maisha yangu yote ya kazi, na baba yangu alikuwa kuli wa bandarini. Bandari ikiandikwa ovyo, basi, hasira yangu huwa ya kifamilia.

Shikamoo Bibi. Naandika riwaya ya mwaka 1947. Shujaa wangu anaishi Kariakoo. Anakunywa dawa ya mganga, anaingia msitu wa Pugu na wenzake wenye magobore, shingoni ana kipande alicholazimishwa na mkoloni, na usiku wanavamia boma la Waingereza. Rafiki yangu aliyesoma historia anasema ni uongo mtupu. Mimi namwambia riwaya ni ubunifu. Nani amekosea? — Kijana wa Mbagala

Marahaba, mjukuu wangu. Rafiki yako amekuonea kidogo, lakini wewe umejionea zaidi.

Shujaa wako nimemtambua kwa viungo vyake, na kila kiungo kina mwenyewe. Dawa ni ya Kinjikitile, ambaye Wajerumani walimnyonga Mohoro mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vikaisha 1907, na Mwingereza akaingia Dar es Salaam Septemba 1916. Msitu umeutoa Kenya, wakati wa Dedan Kimathi wa Mau Mau: hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na yeye akanyongwa Februari 1957. Hata kipande hicho cha kuning'inia shingoni ni cha Kenya. Huku kwetu kipande kilikuwa kadi ya kazi yenye nafasi thelathini. Kila siku uliyomaliza kazi inatiwa alama, na malipo yanangoja mpaka zote zijae. Familia iliyokuwa na manamba kwenye mkonge itakueleza vizuri kuliko mimi.

Kubuni unaruhusiwa, wala sitakupeleka polisi. Kinachoniudhi ni kwamba umekwenda mbali kuazima bunduki, na mwaka wenyewe uliouchagua umebeba kisa kizima, wewe umekiruka. Septemba 1947! Ule ndio mwezi makuli wa Dar es Salaam walipoweka mikono chini, na mji mzima ukawafuata.

Nikupe bandari ilivyokuwa, maana vijana mnaandika kana kwamba makontena yalikuwapo. Magati ya kina kirefu yalifunguliwa 1956. Kabla ya hapo meli ilitia nanga katikati ya maji, mizigo ikateremshwa kwenye matishari, yaani mashua bapa za mizigo, matishari yakavutwa mpaka ukingoni, na huko mabega ya watu yakamaliza kazi: marobota ya katani yanaingia, magunia na masanduku yanatoka. Wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Alfajiri unasimama langoni na wenzako, nyapara anapita anachagua. Akikuruka, umekwisha kwa siku hiyo, na wanao wamekwisha nawe. Walikuwa wameshagoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943 katikati ya vita. Vita vilipokwisha nguo na chakula vikazidi kupanda bei, ujira ukabaki nyuma. Mgomo wa 1947 ulianzia majini, ukashika mji, kisha ukapanda treni: ukafuata reli ya kati hadi Dodoma, hadi Tabora. Serikali ikaunda baraza la usuluhishi na ujira wa bandarini ukaongezwa. Mkoloni alirudi nyuma hatua moja, na hakuna gobore lililolia.

Najua utasema mgomo haunogi kama uvamizi wa usiku. Unanoga, ila mpaka ujue pa kusimama. Toka langoni, nenda uani. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ilikuwa na familia sita, choo kimoja na uwanja mmoja wa kupikia. Kuli wa kutwa hana akiba. Siku ya tatu ya mgomo hana kitu, na mwenye duka aliyezoea kumwandika kwenye daftari la mkopo ameanza kulifungia daftari ndani. Mama yangu alizikumbuka siku zile kwa jina la chakula: siku za muhogo. Alikuwa na doti moja ya kanga mpya aliyokusudia kuivaa harusini. Akamuuzia jirani kwa bei ya aibu. Sasa fikiria kwenye nyumba kama hiyo, siku ya tano, chumba cha mwisho upande wa kulia panatoka harufu ya wali wa nazi. Kila mtu uani anajua mchele ule umenunuliwa kwa fedha ya wapi. Hakuna anayesema neno. Mke wa yule bwana anapakua akiwa amewapa wenzake mgongo. Mjukuu wangu, ukiniandikia ukurasa huo vizuri, msitu wa Pugu utausahau mwenyewe.

Na usiishie kwenye ushindi. Makuli walipata chama chao baada ya mgomo ule, lakini mgomo wa 1950 uliishia kwenye ghasia na chama kikafungwa. Shujaa aliyeshinda 1947 na kupoteza 1950 ana mengi ya kusema kuliko aliyekufa kishujaa ukurasa wa mwisho.

Marekebisho ya haraka kwenye kurasa ulizoambatanisha: mshahara usimlipe kwa rupia, hiyo iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mpe shilingi na senti, ikiwamo senti kumi yenye tundu katikati. Barabara ya Uhuru iite Kichwele, Lumumba iite New Street, Samora iite Acacia Avenue. Mgonjwa wako asipelekwe "Muhimbili". Jina hilo lilikuja baadaye, na hata ile hospitali iliyoitwa Princess Margaret ilifunguliwa 1956. Na mtu anayesema "Tanzania yetu" mwaka 1947 ana kipaji cha utabiri.

Bibi, shikamoo. Muswada wangu una wanaume wengi na mwanamke mmoja ambaye kazi yake ni kulia. Kiongozi wa kikundi chetu cha waandishi anasema ndivyo ilivyokuwa, wanawake hawakuwa kwenye siasa za uhuru. Nami sikuridhika. Wanawake walikuwa wapi? — Dada wa Tabata

Marahaba, mwanangu. Swali lako lina historia. Mwaka 1955 alikuja hapa mjini John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza, akawauliza viongozi wa TANU swali hilohilo: tawi la wanawake liko wapi? Wakatazamana. Ndipo akatafutwa Bibi Titi Mohamed.

Kwa nini yeye? Alikuwa mwimbaji, na ngoma za mji huu zilikuwa na mpango kamili: viongozi, michango, sare, wajumbe wa kupeleka habari nyumba hadi nyumba. Vikundi vya lelemama vilikuwa vinakutana toka zamani bila kumwomba mkoloni ruhusa ya mkutano wa siasa. Bibi Titi, mtu wa kikundi cha Bomba, akapita kwa viongozi wenzake wa ngoma, na wanawake wakaingia chamani kwa makundi, kadi zikawa hazitoshi. Wanaume waliokuwa wanabishana kwa Kiingereza fasaha kuhusu katiba wakajikuta mikutano yao ya Mnazi Mmoja imejaa kanga.

Kisa kiko hapa, chukua bure. Mwaka 1953 serikali iliwapiga marufuku watumishi wake kujiingiza kwenye vyama vya siasa. Karani wa serikali akionekana na kadi, kazi imekwenda, na nyumba ya kazi imekwenda nayo. Lakini waraka ule haukumtaja mkewe. Mweke karani wako mtiifu, mwenye kaptula iliyopigwa pasi, na mkewe anayetoka kila alasiri "kwenda ngomani". Kadi ameificha wapi? Mume anajua? Na kama anajua, anajifanya hajui mpaka lini? Sioni pa kulia hapo, labda kwa huyo karani.

Ukitaka kutoka nje ya mji, nenda Upare. Januari 1945 watu walishuka milimani kwa maelfu, wakakaa Same mbele ya ofisi ya wilaya kupinga kodi iliyoitwa mbiru, na wanawake hawakubaki majikoni katika mapambano yale. Kiongozi wa kikundi chenu mwambie asome kidogo kabla ya kikao kijacho. Mwambie kwa adabu.

Mhariri, katika riwaya yangu Diisii, yaani mkuu wa wilaya, Mwingereza, anaongea Kiswahili kibovu, "mimi nataka wewe kwenda", ili wasomaji wacheke. Je, inafaa? — Msomaji wa Kigamboni

Watacheka mara moja. Sura ya tatu watakuwa wamechoka.

Tena huyo ni setla wa milima ya Kenya, anayempigia kelele mpishi wake. Ofisa wa utawala Tanganyika alitakiwa kufaulu mtihani wa Kiswahili, na baadhi yao walikijua hata kuliko walivyotaka tujue. Kuanzia 1930 ilikuwapo kamati ya nchi za Afrika Mashariki ya kusanifisha Kiswahili, msingi wake lahaja ya Unguja, na ofisa alijifunza hicho cha vitabuni, chenye ngeli zilizonyooka kama mstari wa gwaride. Mpe Diisii wako Kiswahili safi kupita kiasi. Mwache amsahihishe mzee wa Kizaramo sarufi katikati ya malalamiko yake ya ardhi. Mzee amekuja kusema shamba lake limechukuliwa, bwana mkubwa anamwambia amekosea upatanisho wa kisarufi. Sidhani kama msomaji atacheka hapo, ila huyo Mzungu hatamsahau.

Wa kuongea kibovu, kama lazima, awe mkewe aliyefika juzi kwa meli.

Naweza kumweka Mwalimu Nyerere kwenye riwaya na kumtungia maneno? — J., Ubungo

Sheria ya nchi sitaisemea. Kwa kalamu yangu nyekundu: mweke mbali, maneno yake yawe haba. Kila niliyemwona anamtungia Mwalimu hotuba ya kurasa mbili ameishia kumfanya kasuku wa magazeti.

Chukua kesi ya 1958. Alishtakiwa hapa Dar es Salaam kwa kuwakashifu maofisa wa wilaya katika jarida la chama, akatetewa na wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Wewe usiingie mahakamani kabisa. Kaa nje na muuza kahawa aliyejipatia wateja wa mwaka mzima kwa siku chache, anayesikia hukumu imepotoshwa na kila anayetoka mlangoni: huyu kasema kafungwa, huyu kasema kaachiwa. Mwalimu apite mara moja, apande gari.

Bibi, nitapata wapi habari za kweli za maisha ya enzi hizo? Intaneti imeniishia. — Mwanafunzi, Changanyikeni

Upanga kuna Nyaraka za Taifa, na wewe wa Changanyikeni una maktaba ya Chuo Kikuu mlangoni pako. Muulize mkutubi vitabu na magazeti ya Afrika Mashariki. Anza na Mambo Leo, lililoanza 1923. Lilikuwa gazeti la serikali, kwa hiyo usiliamini kwa siasa. Liamini kwa bei, matangazo, mashairi na barua za watu wanaogombana juu ya mila. Kisha tafuta Kwetu, la Erica Fiah, Mganda mwenye duka hapa mjini aliyelianzisha 1937. Huyo alikuwa na mdomo. Soma mwezi mmoja wa yote mawili kwa pamoja, uone jinsi mji uleule unavyoweza kuwa miji miwili.

Shikamoo Bibi. Babu yangu alikuwa askari polisi wa Mwingereza miaka ya 1940 na 1950. Nyumbani hatulizungumzi. Nataka kumwandika lakini shangazi zangu wanasema nitaiaibisha familia, na wenzangu kwenye uandishi wanasema nimfanye awe anapeleka siri kwa wapigania uhuru. Nifanyeje? — Mjukuu, Ilala

Marahaba, baba. Barua yako nimeisoma mara kadhaa.

Hiyo habari ya kupeleka siri iache, kama hakupeleka. Kila riwaya ya siku hizi ina askari wa mkoloni ambaye moyoni alikuwa TANU. Wangekuwa wengi hivyo, gavana Twining angefungasha virago mwaka wa kwanza. Babu yako alivaa kofia yake, akapokea mshahara wake mwisho wa mwezi, na katika mji ambao kuli hajui kama kesho atachaguliwa langoni, mshahara wa mwisho wa mwezi ulikuwa na uzito wake. Wazee wa mwanamke walimkubali kwa sababu hiyo. Watoto wake, yaani hao shangazi zako, huenda walisoma kwa sababu hiyo. Liandike wazi.

Kisha liandike na lile jingine. Mwanamume alitakiwa awe na stakabadhi ya kodi, na aliyekuja kuiulizia alikuwa mtu kama babu yako, pengine wa kabila lake, pengine aliyesali naye Ijumaa. Kule Uluguru mwaka 1955 watu walipokataa amri ya kuchonga matuta ya ngazi kwenye milima yao, polisi walifyatua risasi na mtu akafa. Aliyeishika bunduki ile hakutoka London. Sisemi alikuwa babu yako. Nasema riwaya yako lazima ijue kwamba angeweza kupangwa zamu ile, naye alijua.

Nenda pale kwenye sanamu ya Askari, makutano ya Samora na Azikiwe. Waingereza waliisimamisha 1927, mahali ambapo Mjerumani alikuwa ameweka sanamu ya gavana wake Wissmann. Soma maandishi ya Kiswahili, ya herufi za Kiarabu na za Kirumi, halafu tazama watu wanavyopita bila kuinua macho. Mwafrika wa kwanza kusimamishwa sanamu katikati ya mji huu alikuwa mwanajeshi wa mkoloni, na hatujaing'oa. Nchi nzima ina babu huyo, na nchi nzima haimzungumzi.

Shangazi zako waombe jambo moja tu: wakuoneshe picha yake akiwa na sare. Ipo. Familia hazichomi picha hizo, huziweka chini ya sanduku. Mkiwa mmekaa nayo mkekani, usiulize swali lolote, wao wataanza kubishana wenyewe.

Bibi, nimesikia eti Sultani mmoja wa Zanzibar aliwakimbia Waingereza akaja kujificha Dar es Salaam. Ni hadithi ya vijiweni au kweli? — Abiria wa boti, Unguja

Ni kweli, na nashangaa hakuna aliyenitumia muswada wake mpaka leo.

Sayyid Khalid bin Barghash alikalia kiti Agosti 1896 bila ridhaa ya Waingereza. Wakampa muda wa mwisho, akakataa kutoka. Asubuhi ya tarehe 27 manowari zikafyatua mizinga juu ya kasri. Chini ya saa moja mambo yakaisha, na watu wapatao 500 upande wake wakawa wamekufa au kujeruhiwa. Watu hupenda kuchekea ufupi wa vita hivyo. Hiyo idadi ya watu haichekeshi.

Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani. Waingereza wakauzunguka: akikanyaga barabarani tu, amekamatwa. Wajerumani wakangoja bamvua. Tarehe 2 Oktoba maji yalijaa mpaka lango la bustani, mashua ya manowari yao Seeadler ikasogea hapo, naye akapiga hatua moja kutoka bustanini hadi mashuani. Ardhi ya Unguja hakuigusa. Wakamleta Dar es Salaam.

Hapo ndipo wanahistoria humwacha, na ndipo riwaya inapoanza. Miaka ishirini hivi ya mfalme asiye na ufalme, katika mji wa Wajerumani, amekaa ng'ambo ya mkondo ambao siku ikiwa safi majahazi ya kwao yanaonekana yakiingia na nazi na habari. Nani alimtembelea? Alimwogopa nani? Maji Maji ilipolipuka alikuwa hapahapa, mgeni wa yule anayewanyonga. Kisha Vita Kuu ikamfikia. Waingereza wakamkamata, wakampeleka Shelisheli na St Helena, akaruhusiwa kurudi pwani mwishoni, akafia Mombasa 1927.

Usianze na mizinga, kila mtu ataanza na mizinga. Anza na mpishi wake wa hapa Dar, anayelipwa na Mjerumani, akijiuliza huyu bwana amwite nani mbele ya wageni. Boti yako inachukua kama saa mbili kuvuka. Sura ya kwanza inaweza kuandikwa humo. Ukikawia nitakiandika mwenyewe, na umri wangu hauniruhusu kungoja sana.